Mboga Iliyopandwa kwa Tumbo

Juzi nilikuwa soko la Daraja Mbili kununua chinsaga, kwa sababu binti yangu amejifungua na mama mkwe wake alinitumia ujumbe kwamba mboga ya mzazi ni juu yangu. Mwanamke aliyekuwa anauza alikuwa na fungu kubwa, bichi kabisa, na alipovunja kijiti kimoja kunionyesha kwamba hakijakomaa, ile harufu ikanipanda puani. Ninyi wa rika langu mnaijua. Ni kali, ina uchungu ndani yake, na inakaa vidoleni hata ukinawa kwa sabuni. Nikamwuliza, "Hii imetoka wapi?" Akasema, "Ya Mosocho hii, mama. Lakini siku hizi hata kule Nyansiongo kwenye baridi wanapanda, wanafunika na nailoni." Nikamlipa, nikaondoka hata kabla hajamaliza kunifungia vizuri. Nilifika nyumbani nikiwa na hasira, na sikujua hasira yenyewe ni ya nani. Ya nailoni, labda.

Tulihamia Nyansiongo tukitoka Mosocho, wakati serikali ilipokuwa inagawa mashamba ya Wazungu. Mimi nilikuwa bado sijaanza shule. Tata, ndivyo tunavyomwita baba huku kwetu, alipewa shamba kubwa, akawaachia ndugu zake vile vipande vya Mosocho walivyokuwa wakigombania, akatupandisha sisi milimani pamoja na masufuria yetu na ng'ombe mmoja. Kaka zake walimcheka. Walimwambia huko hata ndizi hazioti, atakula nyasi na ng'ombe wake. Tata akawajibu kwamba watakuja kumwomba chakula. Maneno hayo yalikuja kutugharimu, lakini siku ile nilijivunia sana baba yangu.

Jamani, ile baridi. Asubuhi ya kwanza niliona moshi unatoka kinywani mwangu nikadhani ninaungua ndani, nikamkimbilia Mama nikilia. Nyasi zilikuwa nyeupe, umande umeganda juu yake, na ukizikanyaga kwa miguu mitupu zilikuwa zinavunjika na kuuma. Ukungu ulikuwa unakaa mpaka karibu saa sita. Nyumba ya Mzungu ilikuwa bado imesimama mbali kidogo, haina milango, na nyuma yake kulikuwa na bustani aliyoiacha. Hakuna aliyekuwa anaipalilia, lakini kabichi zilikuwa zinaota zenyewe humo, kubwa, zimejifunga vizuri. Njegere pia. Nami nikajipa maelezo yangu: kumbe hii ardhi bado ni ya Mzungu. Inamjua yeye, inajua mboga zake, na sisi haijatuzoea. Sikumwambia mtu. Ila kila nilipopita karibu na zile kabichi nilizitemea mate.

Sasa niwaeleze habari ya chinsaga, kwa sababu wajukuu wetu wanadhani ni mboga tu. Kwetu, mwanamke akijifungua, kitu cha kwanza kinachotafutwa si nguo ya mtoto, ni chinsaga. Inachemshwa, maji machungu yanamwagwa, inapikwa tena na maziwa polepole, na mzazi anakula asubuhi na jioni. Ndiyo inayorudisha damu, ndiyo inayoleta maziwa. Na wanawake wa nyumba yetu walikuwa hawapandi chinsaga ya uzazi kwa kuangalia mvua. Walipanda kwa kuangalia tumbo. Tumbo likianza kushuka, mwanamke anachukua mbegu zilizokaa kwenye kibuyu juu ya moto, anazichanganya na majivu, anazimwaga karibu na jiko. Mtoto akitoka, majani yapo tayari, na mama mkwe anainama tu mlangoni kuchuma. Mosocho kuna joto, kwa hiyo njia hiyo haikuwahi kumwangusha mtu. Mwezi wowote unafaa. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kuna mahali duniani ambapo tumbo na udongo havisikilizani.

Mama alikuwa na sababu ya kuogopa. Kabla ya kuhama alikuwa amezaa mvulana, mdogo wangu wa kwanza, na mwaka ule panzi walikuwa wamekula chinsaga yote. Maziwa yakakauka. Mtoto akaenda. Bibi yangu mzaa baba, tuliyemwita Magokoro, alisimama mbele ya wanawake wote akamwuliza, "Ulikula nini wewe? Kama hukula chinsaga, mtoto alikuwa ananyonya nini?" Mimi nilikuwepo, nimeshika gauni la Mama. Tangu siku hiyo Mama aliamini kwamba alimuua mtoto kwa kukosa mboga, na tulipohamia Nyansiongo akiwa na tumbo lingine, alibeba kile kibuyu cha mbegu kifuani njia nzima. Masufuria aliyaacha yagongane kwenye mkokoteni.

Tumbo likashuka mwezi wa sita. Mnajua mwezi wa sita ulivyo huku, na wa saba ndio mbaya zaidi. Mama akalima kipande kidogo karibu na jiko, akapondaponda mabonge kwa mikono, akamwaga mbegu na majivu, akaburuta tawi juu yake kuzifunika. Kila asubuhi nilikuwa naenda kuangalia naye. Hakuna kitu. Majirani walikuwa wamepanda viazi na pareto na mambo yao yalikuwa yanakwenda. Kwetu udongo ulikuwa umelala vilevile, mweusi, mbichi, unanuka maji. Siku moja Mama alipiga magoti kwa shida, kwa sababu ya lile tumbo, akachimba kwa kidole akatoa mbegu moja. Ilikuwa nzima, nyeusi, kama alivyoimwaga. Akaiweka kiganjani akaitazama. "Hata haijavimba," akasema.

Jirani yetu alikuwa Mama Kerubo, mtu wa Birongo, aliyetutangulia kuhamia. Alikuwa mwanamke wa kucheka sana na wa kusema ukweli bila kuuzungusha. Alikuja akasimama kando ya kile kipande, mikono kiunoni.

"Umepanda nini hapo?"

"Chinsaga."

"Mwezi huu? Yaya, hapana, dada yangu. Huku chinsaga hupandi sasa. Ngoja mwezi wa tisa, jua lirudi, udongo upate joto. Hata mimi nilipofika nilipoteza mbegu zangu zote hivyohivyo."

Mama akamtazama, akashika tumbo lake kwa mikono miwili. "Na hili nalo niliambie lingoje mwezi wa tisa?"

Mama Kerubo hakucheka siku hiyo. Alisema tu, "Basi kula kabichi, nitakuletea na maziwa kidogo." Na Mama akasema, "Kabichi ni maji."

Hakukata tamaa hapo. Alichukua mbegu nyingine akazimwaga juu ya rundo la samadi nyuma ya boma la ng'ombe, kwa sababu ukiweka mkono pale unasikia joto. Na zikaota! Haki ya Mungu ziliota. Vijani vidogo, viwiliviwili, kijani kibichi. Mama aliniita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Mosocho, akanibeba niangalie, mimi mkubwa na yeye na tumbo lile. Jioni ikifika alikuwa anazifunika na gunia, halafu gunia likawa halitoshi, akatoa blanketi la kitandani kwetu. Tukalala tumejikunyata, mimi na yeye, miguu yangu katikati ya mapaja yake. Tata alilalamika. "Mnafunika mbolea na blanketi, watoto wa watu wakilala uchi?" Mama akamwambia blanketi ni lake, alipewa na mama yake, na atafunika anachotaka.

Kisha ikaja asubuhi moja isiyo na ukungu wala upepo, anga limetakata kabisa. Sisi wa huku sasa tunajua kwamba usiku wa namna hiyo ndio unaoua. Mama hakujua. Aliliinua blanketi na lilikuwa gumu, limeganda, likasimama lenyewe. Chini yake kila jani lilikuwa jeusi, limelegea, kama limechemshwa. Alibaki ameshika pembe ya blanketi. Mimi nilikuwa nimeshamwona mama yangu akilia, lakini siku hiyo hakulia, na hilo lilinitisha zaidi. Nikasema moyoni mwangu, ni huyu Mzungu tu. Amerudi usiku.

Akapanda mara nyingine, ndani ya karai, akaliweka karibu na moto. Zikaota nyembamba kama nyuzi, za njano, zinajivuta kuelekea mlangoni zikitafuta mwanga, halafu zikaanguka. Kibuyu kikabaki na mbegu za kufunika kiganja tu. Hapo ndipo alipomgeukia Tata.

"Nenda Mosocho. Mwambie mama yako atupe chinsaga. Hata iliyokaushwa."

Tata alikuwa anakunywa uji. Akaweka bakuli chini. "Niende kuomba mboga? Mimi? Watu walinicheka mbele ya macho yangu, nikawaambia watakuja kula kwangu, halafu nirudi na kikapu mkononi kabla hata mwaka haujaisha?"

"Si wewe unayeomba. Ni mtoto."

"Mtoto hajazaliwa. Kabichi zimejaa hapo nje. Wazungu walizaa hapa miaka yote, walikula chinsaga?"

"Mimi si Mzungu," Mama akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka kabisa. "Huyu akienda kama yule, usiniulize nilikula nini. Unasikia? Mtu asiniulize."

Tata akatoka akaenda kukata miti. Nataka nimtendee haki: hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa aibu, na aibu ya mwanamume kijijini kwao ilikuwa kitu kizito siku zile. Lakini nimejaribu miaka mingi kumsamehe, na siku nyingine naweza na siku nyingine siwezi.

Mtoto alizaliwa mchana, mvua inapiga. Mama Kerubo ndiye aliyemzalisha. Alikuwa mvulana mwenye nywele nyingi na sauti kubwa, na mimi niliruhusiwa kugusa mguu wake. Ulikuwa wa moto. Katika nyumba ile yote ndicho kitu pekee kilichokuwa na joto. Mama Kerubo akamkandakanda Mama, akampa uji wa wimbi na kabichi iliyopikwa na maziwa, na Mama akala yote. Maziwa yakatoka kidogo. Mtoto ananyonya, anaachia, analia, ananyonya tena. Mama anambadilisha upande huu na ule. "Hayapo," ananiambia mimi, kana kwamba mimi ningeweza kwenda kuyaleta. "Moraa, hayapo." Mama Kerubo akaleta maziwa ya ng'ombe wake, wakayapasha na kuyapunguza kwa maji, wakamnywesha kwa kijiko. Akatapika. Ile sauti kubwa ikaanza kupungua. Nilidhani ameanza kuwa mtoto mwenye adabu, nikamsifu, nikamwambia Mama, "Siku hizi halii sana." Mama akageuza uso ukutani.

Asubuhi moja Tata aliamka mapema, akavaa koti lake refu, akatoka bila kuaga. Wote tulijua anakwenda wapi. Mvua ilikuwa imeharibu barabara na nasikia alitembea sehemu kubwa kwa miguu kabla ya kupata gari. Hakurudi siku hiyo. Siku iliyofuata, asubuhi, mtoto alikuwa anapumua kwa kukoroma, tumbo linaingia na kutoka haraka haraka, na Mama alikuwa amemweka ndani ya nguo zake kabisa, ngozi kwa ngozi, amekaa karibu na moto mpaka gauni linanuka kuungua. Kisha kukoroma kukaisha. Mama hakumtoa. Mama Kerubo alipofika kuleta maziwa aliinama, akaingiza mkono kifuani mwa Mama, akautoa. Akaniambia, "Moraa, nenda nje ukaangalie kuku." Sisi hatukuwa na kuku. Nilikwenda nikawatafuta hata hivyo.

Nikiwa nje ndipo nilipowaona wanapanda kilima. Tata mbele, matope mpaka magotini, na nyuma yake Magokoro, mwanamke yule mzee ambaye hakuwahi kufika kwetu, kikapu kichwani, na ndani ya kikapu chinsaga imejaa mpaka inamwagika pembeni. Nikakimbia kuwapokea. Nikamwambia Magokoro kwa furaha, "Mama Kerubo amekuja!" Hiyo ndiyo habari niliyokuwa nayo. Akanipapasa kichwa akaingia ndani, na kilio nikakisikia nikiwa bado nimesimama uwanjani.

Walimzika siku hiyohiyo kando ya ua wa miti, chini ya shamba. Tata alichimba mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Na jioni Magokoro alifanya jambo ambalo wanawake wengine walilisema vibaya. Alikaa mafigani akaanza kuchambua chinsaga, jani kwa jani, akaichemsha, akamwaga maji, akaipika na maziwa polepole kama inavyotakiwa. Mama Kerubo akamwuliza, "Mama, unampikia nani sasa?" Magokoro akajibu bila kuinua kichwa, "Amezaa. Mzazi anakula." Nikangoja amwulize Mama lile swali lake la Mosocho. Hakuuliza. Alimlisha kwa mkono wake, na Mama akala. Akala siku ile na siku zilizofuata mpaka kikapu kikaisha.

Na maziwa yakaja. Yakaja mengi, yanalowesha gauni, yanadondoka hata akiinama kuwasha moto. Akajifunga kitambaa kifuani nayo yakapita. Siku moja alisimama mbele ya Tata aliyekuwa ananoa panga, akafungua kile kitambaa, akasema, "Umeona? Sikuwa naota." Tata akaangalia panga lake. Mama alimsimamia hivyo muda mrefu, baridi ile ikimpiga kifuani, mpaka Magokoro alipokuja kumfunika na kumwondoa.

Nilipokuwa mtu mzima nilimsimulia nesi mmoja habari hii. Alinisikiliza vizuri, halafu akasema inaonekana mtoto alishikwa na kifua, ile baridi tu, na huenda hata chinsaga ya Mosocho nzima isingemsaidia. Alitaka kunifariji. Nilimshukuru. Mama alikuwa ameshakufa, na sijui kama ningemwambia ningekuwa nimemwondolea mzigo au nimemwongezea mwingine. Kwa maana ukimwambia mtu kwamba kukosa kitu alichokipigania kwa blanketi lake siko kulikomuua mwanawe, umemwachia nini?

Magokoro alirudi kwake. Ukungu ukaanza kuondoka mapema, jua likarudi, na ng'ombe wetu akaanza kulala nje. Mama alikuwa anafanya kazi zote, analima, anapika, anachuma pareto, lakini alikuwa hasemi. Ukimwita anaitika, basi. Kile kipande karibu na jiko hakukigusa tena. Alikuwa anazunguka nyuma ya nyumba akienda kuteka maji, asikipitie.

Mimi ndiye niliyeiona. Mwezi wa tisa nadhani, asubuhi, mvua ilikuwa imenyesha na jua limewaka juu yake. Kipande chote kilikuwa kijani. Zile mbegu za kwanza kabisa, ambazo zilikuwa zimelala kwenye udongo bila hata kuvimba, zilikuwa zimeota zote pamoja, zimebanana, na nyingine zilishakuwa na majani matanomatano kama vidole. Nilipiga kelele nikakimbia ndani. Mama alikuwa anapepeta wimbi.

"Mama! Chinsaga imeota! Imeota yote! Sasa mwambie mtoto arudi."

Ungo ukasimama. Hakunipiga, ingawa baadaye nilifikiri kwamba angenipiga ingekuwa nafuu kwetu sote. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. Kisha akasema polepole, "Nenda ukamwambie wewe."

Nikaenda. Niliona nimepewa kazi kubwa. Nikashuka shamba mpaka kwenye ua wa miti, nikasimama pale udongo ulipokuwa umeinuka, na hapo nikakwama, kwa sababu hakuwa amepewa jina. Magokoro ndiye aliyetakiwa kuja kumpa. Sikujua nimwite nani. Kwa hiyo niliita tu, kwa nguvu, "Wewe! Mboga imeota, rudi," nikachuchumaa nikangoja, mpaka Mama alipokuja kunichukua.